Jike wa Kiinua Mgongo: Kisa cha Saisi, Madume Wawili na Jina la Northern Dancer

Mzee alifanya kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, kwa miaka 31 katika zizi moja la farasi wa mbio karibu na uwanja wa Ngong, hapa Nairobi. Tajiri wake alipofunga zizi na kuhama nchi, kiinua mgongo hakikutoka. Alimwachia farasi: jike wa miaka tisa, rangi ya hudhurungi, mshindi wa mbio tatu za mita 1,200, mwenye kano ya mguu wa mbele iliyowahi kuchanika ikapona kwa kovu. Pamoja naye aliachiwa pasipoti ya farasi, hatamu kuukuu na karatasi ya kuhamisha umiliki, imetiwa sahihi.

Mimi niliitwa kusoma karatasi. Kazi yangu imekuwa kuweka daftari za mazizi: nani kachanjwa lini, nani kavalishwa viatu lini, nani ni mtoto wa nani. Sijawahi kumiliki farasi hata mmoja. Wahusika wamekubali nikiandike kisa hiki bila majina yao, na madume wawili waliomo nimewaacha bila majina pia. Soko letu ni dogo, na dume akisemwa vibaya leo jioni, kesho asubuhi kila zizi linajua.

Mzee alikuwa na njia tatu. Angeweza kumuuza jike kwa shule ya kupanda farasi kule Karen, apate pesa kidogo na amalize. Angeweza kumpandisha kwa dume aliyeletwa kutoka Afrika Kusini, mwenye nasaba ya kung'aa. Au ampandishe kwa dume mzaliwa wa Kenya, aliyekimbia mara 43 na kustaafu akitembea vizuri. Ada ya dume wa kwanza ilikuwa mara tatu ya ada ya wa pili.

Mwanawe mkubwa, anayefuga ng'ombe watatu wa maziwa huko Kikuyu, alikuja na njia ya nne.

"Baba, kwani lazima dume awe hapa? Mimi daktari ananiletea mbegu ya fahali wa ng'ambo kwenye mtungi, anapandikiza, kesi imekwisha. Tuagize ya huyu dume Frankel wanayemsema."

Mzee alicheka, kisha akanigeukia. "Karani, mwambie."

Nilimwambia. Wafugaji wetu wamezoea uhimilishaji kiasi kwamba hatuuoni tena kuwa jambo. Kituo cha Kabete kimekuwapo tangu 1946, na fahali aliyekufa zamani bado anazaa ndama Nyandarua. Kwa farasi wa mbio wa damu safi, yaani thorobredi, mlango huo umefungwa. Mtoto akizaliwa kwa mbegu ya mtungi haandikishwi kwenye kitabu cha ukoo, na asipoandikishwa hakimbii. Dume lazima apande mwenyewe, kwa mwili wake. Ndiyo maana dume anayezaa washindi hugeuka mgodi: Storm Cat, kule Kentucky, alifikia ada ya dola 500,000 kwa jike mmoja. Na ndiyo maana madume husafirishwa kwa ndege. Danehill, dume wa Ireland, alianza mwaka 1990 kwenda na kurudi Australia kufuata misimu miwili ya uzazi, akawa baba bora wa Australia, yaani dume ambaye watoto wake wameshinda pesa nyingi kuliko wa wengine kwa mwaka, mara tisa.

"Kwa hiyo tunachagua kati ya hawa wawili tu," kijana akasema.

"Au tunamuuza," nikasema. Mzee hakujibu hilo.

Karatasi iliyopigwa plastiki

Tulikaa kwenye kibanda cha chai kando ya Barabara ya Ngong, karatasi ya dume wa kwanza mezani. Imepigwa plastiki, picha upande mmoja, vizazi vitano upande wa pili. Juu, kwa herufi nene, iliandikwa kwamba ana damu ya Northern Dancer pande zote mbili. Chini yake: mchanganyiko ule ule uliomzaa Frankel.

Karatasi haikusema uongo, na hilo lazima niliseme mapema. Northern Dancer alizaliwa Kanada mwaka 1961, mfupi, mnene, wa kudharauliwa. Mwenye shamba, E. P. Taylor, alimtia sokoni akiwa na mwaka mmoja kwa dola 25,000 na hakuna aliyemtaka. Mwaka 1964 alishinda Kentucky Derby, mbio kubwa za Marekani, kwa dakika mbili kamili, rekodi iliyokaa hadi farasi Secretariat alipoivunja mwaka 1973. Kisha akaenda shambani kuzaa, na huko ndiko alikoigeuza dunia ya farasi. Mwanawe Sadler's Wells alikuwa baba bora wa Uingereza na Ireland mara 14. Galileo, mwana wa Sadler's Wells, mara 12. Frankel, mwana wa Galileo, alikimbia mara 14 na kushinda zote 14. Mwana mwingine, Danzig, alikimbia mara tatu tu na kushinda zote kabla ya goti kumstaafisha. Huyo ndiye baba wa Danehill, na Danehill ndiye baba wa mama yake Frankel. Dume wetu wa kwanza naye baba yake alikuwa mwana wa Sadler's Wells, na mama yake binti wa Danehill. Ramani ni ile ile.

Nikachukua pasipoti ya jike, nikaifungua karibu na ile karatasi, nikaanza kuzungushia majina kwa kalamu ya buluu. Babu wa mama yake alikuwa mwana wa Northern Dancer, yaani Nureyev. Upande wa baba, nikipanda vizazi vitatu, Danehill. Nyuma ya Danehill, Danzig. Nyuma ya Danzig, yule yule wa Kanada.

"Mzee," nikamwambia, "unauziwa magadi na wewe unakaa Magadi."

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliopima vinasaba vya thorobredi 10,118 wa nchi mbalimbali, ulikuta Northern Dancer katika nasaba za asilimia 97 ya farasi hao. Jina likishakuwa la kila mtu haliwezi tena kumtofautisha mtu. Dume yule alikuwa akidai ada mara tatu kwa kitu ambacho jike tayari anacho, na ambacho hata dume wa bei nafuu, nilipomfungulia karatasi zake, nilikikuta kizazi cha tano.

Lakini nilitaka nifike kwenye hesabu, maana Mzee ni mtu wa hesabu. Kila kizazi damu hugawanywa nusu kwa nusu. Baba anatoa nusu, babu robo, baba wa babu moja ya nane, na kuendelea. Nilimchorea mtoto ambaye hajazaliwa. Akiwa wa dume wa kwanza, Northern Dancer angetokea mara nne: mara moja kizazi cha nne, mara mbili cha tano, mara moja cha sita. Ukijumlisha unapata tisa ya sitini na nne, kama asilimia 14. Ni zaidi ya sehemu ya baba wa babu, kwa mnyama aliyezaliwa mwaka 1961. Danehill angekuwa na karibu asilimia 19. Akiwa wa dume wa pili, Northern Dancer angeshuka hadi asilimia 6 na kitu, na Danehill angebaki yule mmoja wa upande wa mama. Ni wastani, bila shaka; vinasaba havigawanywi kwa mizani ya dukani.

Kijana aliangalia michoro yangu akasema, "Si hii ni kuoana ndugu?"

Ni kuoana ndugu wa mbali, na si dhambi yenyewe kwa yenyewe. Hapa watu wengi huharakisha. Danehill aliyetajwa hapo juu alikuwa na jike mmoja, Natalma, mama yake Northern Dancer, katika kizazi cha tatu pande zote mbili. Frankel mwenyewe ana Northern Dancer kizazi cha tatu kwa baba na cha nne kwa mama. Wafugaji hufanya hivyo makusudi wakitumaini kukaza kilicho kizuri. Shida ni kwamba unakaza kila kitu, kizuri na kibaya, na karatasi haikuonyeshi kibaya. Mchanganyiko wa Galileo na mabinti wa Danehill umerudiwa mara nyingi sana, na Frankel ametoka mmoja. Ndugu yake wa baba na mama, Noble Mission, alishinda Champion Stakes mwaka 2014, farasi mzuri kweli kweli, lakini hakuna aliyemchanganya na kaka yake.

Kuna onyo la zamani pia. St Simon, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1881, hakuwahi kushindwa, na alikuwa baba bora mara tisa. Kila mwenye jike akamkimbilia. Baada ya muda mabinti zake walijaa kila shamba, wanawe wakakosa majike wasio na damu ile ile, na ukoo wake wa kiume ukafifia kwa kasi iliyowashangaza waliokuwa wakiuabudu.

Niseme kidogo kuhusu watu na hofu ya damu ya nje. Wapo hapa Nairobi wanaodhani farasi hawa ni mali ya Waingereza tangu kuumbwa. Mababa watatu wa thorobredi wote walitoka mashariki. Darley Arabian, ambaye wengi mno wa farasi wa leo wanafika kwake wakifuata baba kwa baba, alinunuliwa Aleppo, Syria, na kupelekwa Uingereza mwaka 1704. Kitabu chao cha ukoo kilianza kuchapishwa mwaka 1791. Na sisi neno farasi tumelipata kwa Waarabu, pamoja na hatamu, lijamu, na hata hilo saisi. Mzee alipolisikia hili alifurahi kuliko alivyofurahia hesabu zangu zote.

Magoti

Nakiri kwamba mpaka hapo nilijiona nimemaliza kazi. Siku mbili baadaye tukaenda kumwona dume wa kwanza.

Mwenye shamba alimtoa nje akiwa amepigwa brashi hadi anang'aa, shingo imekunjwa, mkia unapepea. Mimi nilitazama kichwa, kama watu wote. Mzee hakutazama kichwa. Alisogea pembeni, hatua kama nane kutoka kwenye ubavu, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa usawa wa goti la farasi. Akakaa hivyo. Akaomba farasi asogezwe hatua moja mbele, asimamishwe. Akatazama tena. Akainuka, akapangusa magoti yake mwenyewe, akamshukuru mwenye shamba kwa heshima zote, tukaondoka.

Kwenye matatu akaniambia: "Goti limerudi nyuma. Yote mawili. Kama la mama."

Mama, kwake, ni yule jike. Mguu wa mbele wa farasi ukitazamwa kwa ubavuni unatakiwa ushuke moja kwa moja kama nguzo. Wengine goti linaingia ndani kidogo kuelekea nyuma, mguu unapinda kama upinde uliogeuzwa. Farasi akikimbia kwa kasi, uzito wote humwangukia mguu mmoja wa mbele kwa kitambo kifupi, na goti la namna hiyo huvuta kano za nyuma ya mguu na kubana mifupa midogo ya mbele. Kovu la jike lilitoka huko. Dume wa kwanza alikimbia mara sita tu maishani, na karatasi haikusema kwa nini aliacha.

Sikuwa nimeiona hata dalili. Nilikuwa nimezungushia majina kwa kalamu ya buluu siku nzima, nikajua wanyama wale wawili wana Danehill wa pamoja, nisijue wana goti la pamoja. Kama lilitoka kwa Danehill au mahali pengine kabisa, sina namna ya kusema. Lakini dume mwenye kasoro, jike mwenye kasoro ile ile, na babu mmoja kati yao: hapo hata asiyejua kusoma nasaba anajua la kufanya.

Dume wa pili tulimkuta malishoni, kajaa vumbi, ana tumbo. Miguu nguzo. Alikuwa na watoto wanne tu, watatu wamekimbia, mmoja ameshinda; ushahidi mdogo sana wa kumsifia baba, na nilimwambia Mzee hivyo waziwazi. Alichokuwa nacho ni mbio 43 kwenye udongo wetu, ushindi sita, zote kati ya mita 1,600 na 2,000. Jike ni wa mbio fupi. Tangu mwaka 2010, watafiti wa Dublin walipoonyesha jinsi aina za jeni ya miostatini, inayodhibiti ukuaji wa misuli, zinavyotenganisha farasi wa mbio fupi na wa masafa, mtu anaweza kupima kabla ya kupandisha. Hatukupima. Kipimo kilikuwa cha kutumwa nje, na pesa hiyo ilikuwa ya nyasi.

Kwa nini asimuuze?

Hili ndilo nililoogopa zaidi, kwa sababu jibu la busara la kifedha lilikuwa kumuuza. Mimba ya farasi ni miezi 11. Mtoto ananyonya miezi mitano au sita. Kisha unalisha mpaka atimize mwaka ndipo umtie sokoni, kama soko lipo. Karibu miaka miwili ya marobota ya nyasi za boma rhodes, pumba, dawa ya minyoo, viatu, na chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoenezwa na visubi na unaotulazimisha kuwafungia ndani kabla jua halijazama. Mtu aliyenyimwa kiinua mgongo hapaswi kucheza mchezo huo.

Kilichobadilisha mawazo yangu ni upande wa mama. Wanaume wa mbio huongea baba tu. Secretariat, aliyeshinda Belmont ya 1973 kwa urefu wa farasi 31, kama baba wa madume aliwavunja watu moyo. Lakini mabinti zake! Mmoja alimzaa Storm Cat, mwingine A.P. Indy, mwingine Gone West, wote mababa wakubwa. Urithi wake ulipita mlango wa jikoni. (Kuna saisi hapa Ngong anayeapa kwamba moyo wa Secretariat ulikuwa mkubwa kama ndoo na ukapimwa kilo kumi. Daktari aliyempasua alikadiria tu. Moyo haukuwekwa kwenye mizani.) Na kuna Cigar, aliyeshinda mara 16 mfululizo, wakamstaafisha kwa matumaini makubwa, wakakuta hawezi kuzaa kabisa. Mbio ni jambo moja, uzazi ni jingine.

Basi nikarudi kwenye daftari zangu za zamani nikamtafuta mama wa jike wetu. Alizaa watoto watano. Wote watano walifika uwanjani, wanne walishinda. Si mbio kubwa, lakini watano kati ya watano kufika uwanjani wakiwa wazima ni jambo ambalo mazizi yenye pesa hulitamani. Hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote iliyopigwa plastiki. Mwenye shule ya Karen angempata kwa bei ya farasi wa kubebea watoto.

Jambo la mwisho lilikuwa malipo, na kwa kweli ndilo lililokata shauri. Dume wa kwanza: ada yote kabla ya kupanda, pamoja na malazi ya jike, na pesa hairudi. Dume wa pili: utalipa mtoto akisimama na kunyonya. Kijana alisema nyasi zitatoka Kikuyu. Mzee akasema haya.

Kilichofuata

Kule baridi inakoingia, majike hupata joto msimu wa siku ndefu tu. Hapa karibu na ikweta siku hazina urefu wa kutofautiana, kwa hiyo tulingojea mwili wake. Mzee alimjua kwa mkia: anauinua, anakojoa kidogo kidogo, anasimama miguu imepanuka dume akipitishwa upande wa pili wa ua, badala ya kurusha mateke na kulaza masikio. Mara ya kwanza hakushika. Siku 21 baadaye akarudi kwenye joto, akapandwa tena, na safari hii akanyamaza.

Alizaa usiku, kama kawaida yao. Nilipigiwa simu saa tisa usiku na kijana, anaita "ndama, ndama ametoka," na sauti ya Mzee nyuma ikimkemea kwamba huyu si ndama. Nilipofika, mtoto alikuwa tayari amesimama, jike, rangi ya mama yake, anatetemeka kwenye nyasi zilizolowa na kutafuta chuchu mahali pasipo. Alianguka mara mbili. Kabla ya muda wa saa mbili kwisha alikuwa ananyonya, na kijana akatoa simu kutuma ada kwa M-Pesa palepale, kama walivyopatana.

Mzee alichuchumaa pembeni, hatua chache kutoka kwenye ubavu, tochi mkononi. Alimulika mguu mmoja, akamulika wa pili, akarudi kwa wa kwanza. Nilimuuliza anaonaje.

"Wa kulia ni wa baba," akasema. Akasogeza tochi. "Huu wa kushoto tuungoje akauke."